Umepakua video, sasa simu haitulii: matatizo yanayoletwa mezani pangu Langoni

Duka langu la ufundi lina meza moja, taa ya kumulika na droo ya skrubu, kwenye uchochoro mwembamba wa Langoni, mjini Lamu. Punda akipita na mifuko ya saruji, aliye nje hana budi kuingia ndani. Kwa hiyo siri ya mteja mmoja husikiwa na watatu wengine, na ndiyo maana wengi huanza kwa kunong'ona: "Fundi, mimi nilipakua video tu."

Mara nyingi husema kweli. Video yenyewe haina makosa. Faili ya video ni picha na sauti zilizofungwa pamoja. Haitaki kusakinishwa, haina haja ya kusoma meseji zako, wala haikuulizi nambari yoyote. Imewahi kutokea video yenyewe ikawa silaha: mwaka 2015 liligunduliwa tundu la Stagefright, lililowezesha Android za wakati ule kuvamiwa kwa meseji ya video. Tundu hilo lilizibwa kwa masasisho, na hiyo ni sababu tosha ya kutoahirisha sasisho kila linapokuja. Lakini simu nyingi ninazozifungua hapa ziliharibiwa na kitu alichobonyeza mwenyewe kabla hajaifikia video. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: "Uliambiwa ufanye nini ndipo uipate?"

Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukifika palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

Matangazo yanaruka kila dakika, au simu inasema ina virusi

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi halihitaji fundi.

Sababu ya kwanza ni arifa za tovuti. Ulifungua ukurasa wa muvi au wa marudio ya mpira, kikatokea kisanduku: "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Ukabonyeza. Kumbe uliruhusu tovuti ile ikutumie arifa mchana na usiku, nayo sasa inakuletea "Virusi 13 vimepatikana! Safisha sasa." Hakuna virusi hapo. Kuna mtu anayetaka ubonyeze mara ya pili ili usakinishe "kisafishaji" chake. Arifa ikishuka, ipanue bila kuifungua, utaona imeandikwa jina la kivinjari na la tovuti iliyoituma. Kwenye Chrome gusa nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, uzuie kila tovuti usiyoijua. Nimewahi kukuta tovuti 41 kwenye simu ya mtoto wa darasa la sita.

Sababu ya pili ni programu, hasa zile za kupakulia video zinazopatikana nje ya Play Store. Utaitambua hivi: tangazo linafunika kioo hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Likitokea, usihangaike kulifunga. Gusa kitufe cha programu za karibuni, na mara nyingi utaiona programu iliyolileta, na jina lake juu. Nyingine hujificha bila ikoni. Hizo zitafute kwenye Mipangilio, Programu, Ona zote, uangalie yenye jina tupu au inayojiita jina la mfumo huku ukubwa wake haulingani. Iondoe.

Kitufe cha kuondoa kikiwa kimefifia, basi programu imejifanya msimamizi wa kifaa. Nenda Usalama, tafuta programu za usimamizi wa kifaa, zima swichi yake, kisha rudi uiondoe. Ikikurukia na tangazo kabla hujafika, washa simu katika hali salama: shikilia kitufe cha kuzimia, kisha shikilia neno Zima kwenye kioo mpaka simu ikuulize. Katika hali hiyo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo utaiondoa kwa utulivu.

Baada ya hapo fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect, uchanganue. Kisha ziba mlango. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, kila programu hupewa peke yake ruhusa ya kusakinisha vitu kutoka nje. Itafute kwa maneno "Sakinisha programu zisizojulikana", uizime kwa kivinjari, kwa WhatsApp na kwa kidhibiti faili. Watu huiwasha siku moja kwa ajili ya kitu kimoja, wakaisahau miaka mitatu.

Kuna anayeniambia, "Lakini programu yangu inatumiwa na watu wengi." Naam. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Upstream iliripoti kuwa Snaptube, programu ya kupakulia video yenye watumiaji mamilioni, ilikuwa ikibonyeza matangazo kwa siri na kuwaunga watu kwenye huduma za kulipia. Wenyewe walisema kosa lilikuwa la kipande cha matangazo cha kampuni nyingine walichokiweka ndani. Huenda. Bando lililoliwa lilikuwa la mwenye simu.

Sababu ya tatu, adimu: simu za bei ya chini sana zilizokuja na uchafu huo ndani ya mfumo tangu kiwandani. SIMAMA hapa. Ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani mara moja na matangazo yakarudi kabla hujaongeza programu yoyote, kurudia hakutasaidia. Inahitaji kuwekewa mfumo upya na mwenye vifaa na faili sahihi ya modeli hiyo. Faili isiyo yake itaigeuza simu kuwa tofali.

Na sababu ya nne ni ya kwetu watu wa bahari. Simu inajifungua, inajiandika, inajipigia watu, na mwenyewe anaapa ni virusi. Nikimulika tundu la chaji nakuta kutu ya kijani. Hiyo ni chumvi. Anayevuka kwenda Mokowe kila siku na simu mfukoni asishangae. Usiichaji, ilete isafishwe.

Video imeshuka lakini haifunguki

Tazama ukubwa kabla ya kitu kingine. Muvi ya saa mbili yenye picha ya wastani huwa MB mia kadhaa na zaidi. Ikiwa yako ni MB 6, hiyo si muvi, haidhuru jina lake.

Kisha tazama mkia wa jina, zile herufi baada ya nukta ya mwisho. Mikia ya video ni mp4, mkv, webm, 3gp na avi. Mkia wa apk ni programu ya Android. Exe, scr, bat na msi ni programu za Windows. Windows huficha mkia kwa kawaida, kwa hiyo "harusi.mp4.exe" utaiona "harusi.mp4" na kuiamini. Fungua dirisha la faili, ingia View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions. Mkia wa crdownload au part maana yake ni kwamba upakuaji ulikatika njiani. Futa uanze tena, ikiwezekana usiku mtandao ukiwa mwepesi.

Mkia ukiwa sahihi na ukubwa unaingia akilini, basi kilichobaki ni namna video ilivyobanwa. Sauti ipo lakini picha hakuna: pengine imebanwa kwa H.265, na simu kongwe haiijui. Picha ipo lakini sauti hakuna: pengine sauti ni AC3 au DTS. Zote mbili VLC huzicheza, nayo ni ya bure na ipo Play Store. Kwa hiyo ukurasa ukikwambia "kichezaji chako kimepitwa, pakua hiki", funga. Ukiwa na VLC halali, hakuna kichezaji cha pili unachohitaji kwa muvi yoyote ya kawaida.

Faili la zip au rar lenye nywila iliyoandikwa palepale kwenye ukurasa, lifute bila kulifungua. Nywila imewekwa ili programu ya kuzuia virusi isione ndani.

Ukiwa na wasiwasi na kiungo au faili, kipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal kikachunguzwe na makumi ya programu za usalama kwa pamoja. Lakini usipandishe huko video ya harusi ya watu au picha za familia. Kinachopandishwa kinaweza kuonwa na wengine.

Meseji zinatoka bila wewe, M-Pesa inaguswa, au WhatsApp imekufungia nje

Hapa ndipo hasara inapokuwa kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzee mmoja nahodha alikuja na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamia kitu hiki, chawaambia watu maneno nisiyoyasema."

Jamaa zake walikuwa wamepokea ujumbe kutoka kwake: nitumie 2,500, nitakurudishia jioni. Wawili walikuwa wametuma. Nikafungua faili zilizopakuliwa. Ya juu kabisa ilisomeka "Mashindano ya majahazi.mp" halafu nukta tatu, kwa kuwa jina lilikuwa refu na kioo chembamba. Nikaigusa nione maelezo yake: "Mashindano ya majahazi.mp4.apk", MB 5. Aliipata kwenye kundi la WhatsApp. Simu ilimuuliza kama anataka kusakinisha, akakubali. Ikamwomba ruhusa ya Ufikivu, ile ambayo kwa simu za Kiingereza huitwa Accessibility, akakubali pia, "maana ilisema bila hivyo haichezi."

Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa kioo. Anayepewa husoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Ukiongeza na ruhusa ya kusoma meseji, nambari za uthibitisho zikiingia anazo yeye kabla yako.

Ikiwa pesa zinatoka sasa hivi, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Weka simu katika hali ya ndegeni.
2. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine unayoiamini, hata ya vitufe.
3. Kwenye simu hiyo badilisha PIN ya M-Pesa kupitia *334#. Usiibadilishe kwenye simu iliyoambukizwa, utakuwa unamsomea mwizi ile mpya.
4. Ujumbe wa muamala usioutambua utume 456 kuomba urejeshwe, kisha piga huduma kwa wateja papo hapo. Dakika zina thamani, kwani pesa zikishatolewa kwa wakala hazirudi kirahisi. Nambari ya tapeli itume 333.

Sasa tafuta sababu. Iliyo ya kawaida zaidi ni programu kama ya ami. Ingia Ufikivu, uzime kila usichokijua, kisha uiondoe (pesa zikiwa zimeshaondoka, soma kwanza SIMAMA ya hapa chini). Inayofuata ni kuwa ulimsomea mtu tarakimu sita. Alijifanya msimamizi wa kundi, akasema "nakutumia nambari ili uione video". Hizo tarakimu ni za kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Sakinisha WhatsApp, isajili upya kwa nambari yako, na mwizi atatolewa. Akiwa ameweka PIN yake ya hatua mbili, itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie, lakini yeye naye atakuwa ametoka. Ukiingia, tazama Vifaa vilivyounganishwa uvitoe vyote, kisha weka PIN yako mwenyewe.

Sababu ya tatu ni zile WhatsApp za pembeni, GB, FM na ndugu zao, ambazo watu huziweka ili wapakue video za status. Agosti 2021 Kaspersky walitangaza kuwa toleo moja la FMWhatsApp lilikuja na Triada, kirusi kinacholeta programu nyingine mbaya nyuma yake. Video ya status ukiipenda, mwombe aliyeiweka akutumie. Nani hapa Amu asiyejuana na mwenzake?

Sababu ya mwisho ni simu kuelekezwa kwingine. Piga *#21# uone kama simu zako zote zinapelekwa nambari usiyoijua. Ukiikuta, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Nambari ya mtandao wako ya kupokea ujumbe wa sauti ikitokea kwenye maelekezo ya simu zisizopatikana, hiyo ni kawaida.

SIMAMA: pesa zikishaondoka, usifute programu wala kuirudisha simu katika hali ya kiwandani kabla hujapiga picha ya jina la programu, faili na meseji zote. Nenda polisi uandikishe, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ya 2018 inawahusu watu hawa, lakini mpelelezi hawezi kufuata nyayo ulizozifagia mwenyewe.

Salio linayeyuka

Kawaida ni WhatsApp kupakua yenyewe kila video ya kila kundi. Ingia Mipangilio, Hifadhi na data, uzime upakuaji wa kujiendesha kwa data ya simu. Pili ni huduma za kulipia ulizoungwa ulipobonyeza "Endelea kutazama". Mtoa huduma wako ataziona na kuzikata ukimpigia. Tatu ni programu inayotumia data kwa siri: kwenye Matumizi ya data itaonekana juu ya orodha wakati wewe hujaifungua wiki nzima.

Simu ikiwa pia inachemka, zima kabisa utazame mgongo wake. SIMAMA ukiona umevimba. Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, haibonyezwi irudi. Iweke mbali na kitanda na makuti, uilete ilivyo.

Kioo kimefunikwa na ukurasa wa "polisi"

Nembo, bendera, picha ya pingu, na maneno kwamba umekamatwa ukitazama video chafu, ulipe faini kwa nambari fulani ndani ya saa kadhaa. Huu ni ukurasa wa wavuti tu. Polisi hawafungi simu ya mtu kupitia kivinjari. Lazimisha kivinjari kusimama kupitia Mipangilio, Programu, kisha futa data yake. Ukurasa ukirudi baada ya kuwasha simu upya, ni programu, na dawa yake ni hali salama kama nilivyoeleza juu.

Hawa wateja ndio wanaonong'ona zaidi, na baadhi hufika wakiwa wameshalipa mara mbili. Tapeli anaiuza aibu, na mjini petu aibu ina bei. Mimi sikuulizi ulikuwa ukitazama nini. Aliyekwambia kwa ujumbe kwamba amekurekodi kwa kamera, bila kukuonyesha chochote, hana kitu. Usimjibu. Akiwa na picha halisi, SIMAMA, usilipe, hifadhi mazungumzo uyapeleke polisi. Na ikiwa aliyetishwa ni mtoto, mzazi asianze na bakora.

Flashi: makabrasha yamegeuka njia za mkato

Umetoka kujaziwa muvi, umeichomeka nyumbani, kila kabrasha lina mshale mdogo na KB 1 au 2. Usibofye hata moja. Kirusi kimeficha faili zako na kukuwekea mitego yenye majina yaleyale, na ukibofya kinahamia kwenye kompyuta. Faili bado zimo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike, ikiwa flashi ni herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zikitokea, nakili video na picha peke yake, acha kila chenye mkia wa lnk, vbs, js au exe, kisha fomati flashi. Kompyuta nayo ichanganue kwa Windows Defender, la sivyo flashi itachafuka tena jioni hiyohiyo.

Flashi ikikataa video moja kubwa ilhali nafasi ipo, hiyo si virusi. Imefomatiwa FAT32, ambayo haibebi faili ya kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati exFAT.

Kompyuta: ulibandika usichokijua, au faili zimefungwa

Tangu 2024 umeenea mtego huu: ukurasa wa video unasema uthibitishe wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa ulikuwa umeshakunakilia amri kimyakimya, wewe ukaitekeleza kwa mkono wako. Ikiwa umefanya hivyo, chomoa intaneti. Kwa kifaa kingine badilisha nywila, ukianza na barua pepe, na uondoe vikao vyote vilivyo wazi, yaani utoke kwenye akaunti zako kila mahali, maana mwizi huchukua hata akaunti ulizokuwa umeshaingia. Kisha Windows iwekwe upya.

Faili zikiwa na mkia mgeni na kumetokea "_readme.txt" inayodai dola 980, au nusu yake ukiwasiliana nao ndani ya saa 72, hao ni jamii ya STOP/Djvu, virusi vinavyofunga faili ili vidai fidia, ambavyo huja na programu zilizovunjwa kufuli. SIMAMA. Usilipe, usifomati. Chomoa diski za nje, hifadhi faili moja iliyofungwa pamoja na ile barua, uangalie kwenye tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Baadhi ya matoleo yana ufunguo wa bure, mengine bado.

Ukileta kwa fundi

Njoo na chaja yako na simu ikiwa na chaji kiasi. Niambie tovuti au kundi ulilotoa video, hata kama ni la kuonea haya, nitasogea karibu unieleze taratibu. Usifute kitu njiani. Laini itoe ubaki nayo. Nywila ya kufungua kioo nitakuomba uiandike mwenyewe. PIN ya M-Pesa usinitajie, na fundi yeyote akikuomba, chukua simu yako uondoke.